Upande wa Pili wa Tanuri

21 Mei

Tangu Jumapili ya wiki iliyopita Don Nicanor Zepahua hasemi nami. Nimelalamika nyumbani mpaka mke wangu Hermelinda kachoka. Jana kanitupia daftari hili mezani. "Mwambie huyu, Foro. Huyu hana usingizi." Basi namwambia huyu.

Kununiwa na dereva wako si jambo kubwa kwenye injini za kawaida, maana mtagongana viwiko humo ndani mpaka mmoja acheke. Kwenye injini zetu za vichwa viwili ni balaa. Zina dohani mbele na dohani nyuma, na tanuri limekaa katikati, refu kunizidi, limekigawa kibanda sehemu mbili. Yeye yuko upande wa kulia na mvuke, breki na filimbi. Mimi mtia moto niko upande wa kushoto na koki za mafuta. Mlango wa kupitia hakuna. Tunaweza kupanda kutoka Maltrata hadi Boca del Monte nisimwone hata kofia.

Tunasemezana kwa spana. Akigonga boila mara moja, anafungua mvuke, niongeze moto. Mbili, anafunga, nipunguze upesi kabla moshi mweusi haujatufunika. Tatu ni kahawa, nayo hugongwa tukiwa tumesimama tu: nashuka, nazunguka, nakunywa kwenye birika lake. Nimekunywa kahawa hiyo miaka sita.

Sasa ni moja na mbili tu. Kazi anafanya, sina la kumshtaki. Tatu ndiyo imekufa.

23 Mei

Mvua za kwanza. Reli zinateleza.

26 Mei

Niandike na sababu, ili siku nikisoma nisijidanganye kwamba nilionewa.

Binti yetu alizaliwa Machi. Kila mtu Maltrata alijua Don Nicanor ndiye atakayemshika kwenye maji ya ubatizo. Yeye na Doña Tomasa hawakujaliwa mtoto, na Doña Tomasa alishaanza kushona gauni. Kwetu anayekushikia mtoto ubatizoni ni kompadre wako hadi kaburini: hamshtakiani, hamnyimani, mkikutana njiani mnavuliana kofia.

Lakini nguzo za umeme zinapanda mlima, na injini za umeme hazina tanuri. Mtu wa tanuri atakuwa wa nini? Madereva watapelekwa shule ya umeme. Watia moto watachukuliwa wachache, waliobaki waende zao, na anayesikilizwa na wakubwa kuhusu majina ni Don Baltasar Iriarte, msimamizi wa nguzo. Nikamwomba Don Baltasar awe baba wa ubatizo. Akakubali, akacheka, akanipa sigara ya boksi.

Jumapili ile nikamwambia Don Nicanor. Alikuwa anafuta kioo cha saa ya kupimia mvuke.

"Umechagua vizuri," akasema. "Mimi ningempa mtoto nini? Masizi?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sikutaka kumuumiza. Nilitaka kazi.

3 Juni

Padre Anselmo alitungoja, maji yalitungoja, Don Baltasar hakutokea. Kaleta salamu kwamba waya wa nguzo umefika kutoka Veracruz na hana nafasi. Tumeahirisha hadi Jumapili ijayo.

10 Juni

Don Baltasar hakuja.

13 Juni

Fundi Mwingereza alikuja kutazama mabomba yanayovuja. Huyo ukimpa glasi moja ya pombe ya pulke anakuzungusha dunia nzima. Anasema kwao injini kama zetu, lakini ndogo, hushusha mawe ya kuezekea nyumba. Warusi nao walizipeleka kwenye milima yao. Wamarekani wana zao ambazo sehemu ya nyuma imekazwa na ya mbele peke yake ndiyo inayopinda. Na Afrika siku hizi wananing'iniza boila katikati ya magari mawili, moja mbele na moja nyuma, na linapita kona kali bila kulalamika.

Don Nicanor alikuwa amechuchumaa karibu, anapaka mafuta. Akamuuliza fundi, si mimi: "Na huko kote dereva na mtu wa moto wametenganishwa na tanuri?"

"Wengi hapana. Wanakaa pamoja."

"Maskini," akasema Don Nicanor. "Sisi wengine tuna bahati."

Fundi alicheka sana. Mimi nilitazama viatu vyangu.

20 Juni

Mvua. Mizigo mitatu juu, mitatu chini. Moja, mbili. Moja, mbili.

1 Julai

Don Baltasar yuko mji mkuu, Mexico. Amesema atarudi kabla ya mwisho wa mwezi.

9 Julai

Mtoto anakohoa. Hermelinda hajalala wala hajanipa nafasi ya kulala.

"Akifa bila jina, huyo bwana wa nguzo ndiye atakuja kubeba jeneza?"

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema. Ulimuuza mtoto wako kwa mtu ambaye hata kumnunua hataki."

Nilikasirika nikatoka nje kwenye mvua, kisha nikarudi kwa sababu ilikuwa mvua kweli.

11 Julai

Doña Tomasa kapita mlango wa uani na majani ya kuchemsha na tamale kumi za moto za unga wa mahindi, zile anazouza stesheni. Akamchua mtoto kifua. Nikamuuliza kama mumewe anajua yuko hapa.

"Anajua. Ndiye aliyeyachuma majani. Amenikataza nisikwambie, kwa hiyo sijakwambia."

15 Julai

Kikohozi kimepungua, Mungu ashukuriwe.

29 Julai

Don Baltasar amerudi. Nimemkuta stesheni, kofia mpya. Nimemuuliza kuhusu ubatizo. "Ah, ndiyo, mvulana wako," akasema. Nikamwambia ni msichana. "Bora zaidi," akasema, akaniuliza kama namjua mtu mwenye nyumbu wa kukodi.

6 Agosti

Jambo moja nimelifikiria leo tukipanda. Miezi yote hii Don Nicanor amenichukia, na hajanigongea kwa kuchelewa hata siku moja. Dereva akitaka kumwadhibu mtia moto ana njia rahisi: anafunga mvuke ghafla bila kugonga. Moshi unamrudia mtu usoni, anakohoa hadi Boca del Monte, na wakubwa wakiona moshi mweusi mtia moto ndiye anayeitwa ofisini. Nimewahi kufanyiwa hivyo na wengine. Yeye hugonga mapema zaidi kuliko zamani, kwa sababu ya mvua, ili nipate nafasi. Ananinunia kwa adabu. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia.

19 Agosti

Don Baltasar hakuja.

30 Agosti

Nguzo zimepita handaki la tatu. Leo nimemsikia Don Nicanor akimwambia mkuu wa stesheni kwamba nguzo mbili kule zimesimamishwa karibu mno na reli, na mikono yake ya chuma ya kushikia waya imefungwa kwa kamba tu. Don Baltasar alikuwepo.

"Don Nicanor hapendi umeme," akasema. "Anaona wivu kwa niaba ya mvuke."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kidogo, kwa sababu Don Baltasar alikuwa ananitazama. Don Nicanor hakugeuka. Nimekula chakula cha jioni bila ladha.

8 Septemba

Ukungu. Hatuoni kitu.

15 Septemba

Nitaandika, la sivyo nitaendelea kuiona hii mpaka kesho.

Jana mchana tulikuwa tunashuka na mzigo kutoka Boca del Monte. Ukungu ulikuwa mzito hata dohani ya mbele siioni. Kwenye kushuka mimi sina kazi kubwa: moto mdogo, na kusikiliza. Don Nicanor hushusha kwa breki, anakaza, analegeza, anakaza. Baada ya handaki la tatu akalegeza kama kawaida, pale mlima unapopumzika kidogo. Nikangoja akaze. Hakukaza.

Nikasikia boila likigongwa. Mara tatu.

Moyo uliniruka kwa furaha, siwezi kuficha. Nilishaanza kutafuta kikombe changu. Kisha nikakumbuka kwamba tunatembea, na tatu haigongwi injini ikitembea. Nikagonga moja kumjibu. Kimya. Ikagongwa tena tatu, halafu mbili, halafu nne, ovyo ovyo. Don Nicanor hachezi na spana. Nikamwita kwa sauti yangu yote. Mwendo ulikuwa umezidi, magurudumu yanalia sauti ambayo sijawahi kuisikia tukiwa na mzigo.

Breki iko upande wake. Filimbi iko upande wake. Watu wa breki za mkono wamekaa juu ya mabehewa kwenye ukungu, wakingoja filimbi ndipo wakaze. Na kanuni ya reli inasema mtia moto haondoki upande wake injini ikitembea, ila kwa amri ya dereva, na anayeondoka hana kazi tena. Niliikumbuka kanuni hiyo nikiwa nimeshatoka nje.

Njia ni moja: kupita ubavuni mwa boila hadi mbele, kuzunguka dohani, na kurudi upande wa pili. Injini ya kawaida yote ni kitu kimoja. Yetu boila lake limekaa juu ya magari mawili madogo, kila moja linageuka kivyake kufuata reli, na ndiyo maana inauweza mlima huu. Lakini ubao wa kukanyagia mbele umefungwa kwenye gari dogo, si kwenye boila. Kwenye kona boila linakwenda huku na ubao unakwenda kule. Mimi nilifika mbele tukiwa kwenye kona. Nilinyoosha mguu, ubao haupo. Chini niliona mataruma ya reli yanakimbia.

Nikabaki nimening'inia kwenye fimbo ya chuma, ya moto, iliyolowa. Nilimwomba Bikira wa Guadalupe na nikamtukana Don Baltasar kwa pumzi hiyo hiyo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kona ikaisha, ubao ukarudi, nikakanyaga, nikavuka.

Don Nicanor alikuwa amelala sakafuni, uso mzima damu. Aliyekuwa akigonga ni birika la kahawa. Lilikuwa linaning'inia kwenye ndoano yake, na kila injini ilipoyumba lilipiga boila. Yeye mwenyewe hakuwa na habari ya dunia.

Nikashika breki. Nilitaka kuivuta yote, lakini mtu akifanya hivyo kwenye reli iliyolowa magurudumu yanajifunga na treni inateleza tu. Nikakaza kidogo, nikalegeza, nikakaza, jinsi nilivyomsikia yeye akifanya miaka sita bila kumwona. Mkono mwingine ulikuwa kwenye filimbi. Huko nyuma watu wa breki wakasikia. Tukasimama ukungu ukiwa umefunguka kidogo, daraja liko mbele yetu, na bonde lake.

Mtu mmoja wa breki alirudi nyuma kwa miguu. Kwenye mojawapo ya nguzo zile mbili alikuta mkono wa chuma umelegea, umeelekea reli. Kofia ya Don Nicanor ilikuwa chini yake. Alikuwa amechungulia nje kutafuta njia kwenye ukungu.

16 Septemba

Yuko hospitali Orizaba. Hajaamka sawasawa. Mjini wanapiga fataki za sikukuu ya uhuru.

18 Septemba

Ameamka, ameomba kahawa, wamemnyima. Doña Tomasa analia kwa furaha, anagawa tamale bure stesheni. Mimi wamenisimamisha kazi hadi uchunguzi. Mtia moto mwenzangu kaninong'oneza kwamba wakubwa wanafurahi: kila mtu wa tanuri atakayefukuzwa kwa kosa, umeme ukija hatadai kitu.

20 Septemba

Nilikwenda kwa Don Baltasar nyumbani. Mtumishi akasema bwana hayupo. Bwana alikuwa anakohoa ndani.

27 Septemba

Uchunguzi ulifanyika ofisini Orizaba. Mkaguzi ametoka mji mkuu, mtu mkavu, hatabasamu wala hakasiriki. Don Nicanor alikuja kichwa kimefungwa kitambaa, mkono umening'inizwa shingoni, kakonda. Hakunitazama.

Don Baltasar alianza yeye. Akasema nguzo zake zilikuwa salama, mkono wa chuma uligongwa na treni iliyokwenda kasi. Na kasi ilitoka wapi? Kwa mtia moto aliyeacha kazi yake akaenda kuchezea breki asiyoijua.

Mkaguzi akamuuliza: "Nimeambiwa wewe na huyu mtia moto Crisóforo ni makompadre. Ni kweli?"

"Hapana, bwana. Aliwahi kunisumbua na jambo la mtoto. Hata simjui vizuri."

Ilinichoma. Nilimnyima Don Nicanor mtoto kwa ajili ya mtu huyu.

Mkaguzi akanigeukia. Niliondoka upande wangu? Niliondoka. Treni ikitembea? Ikitembea. Kwa amri ya nani? Nikafungua mdomo kueleza habari ya birika, na nilijua jinsi itakavyosikika. Don Nicanor akanikatiza.

"Kwa amri yangu."

"Wewe ulikuwa umezimia, Don Nicanor."

"Kabla sijazimia nilimwita."

"Kwa kichwa kilichopasuka?"

"Kwa spana. Nilipigwa na chuma cha huyu bwana, nikajua naondoka, nikagonga. Mara tatu. Kompadre wangu ana masikio."

Watu wote wa Maltrata waliokuwa mle walijua mtoto wangu bado hajabatizwa, na walijua Don Nicanor hajanisemesha msimu mzima. Hakuna aliyefungua mdomo. Na sijawahi kumsikia mzee yule akisema uongo, hata wa kumsifu mtu chakula. Mkaguzi akaandika. Nimerudishwa kazini. Nguzo mbili zitahamishwa, kwa gharama ya idara ya Don Baltasar.

Nje nilimkimbilia.

"Don Nicanor, ulinigongea kweli?"

"Nilikuwa nimelala kama gogo. Nani aligonga?"

"Birika."

Akafikiri. "Basi birika limekusamehe," akasema. "Mimi bado kidogo."

Nikamwomba pale pale barabarani amshike mtoto ubatizoni. Niliomba vibaya, maneno yanagongana, nalia. Akasema nisipige kelele, kichwa kinamuuma. Akasema ndiyo.

6 Oktoba

Mkaguzi ameamua kwamba injini za umeme za mlimani zitaendeshwa na watu wawili, na kila dereva atamtaja mwenzake. Don Nicanor amenitaja. Tunakwenda shule pamoja Januari. Hermelinda ameimba siku nzima. Ubatizo ni kesho kutwa.

7 Oktoba

Baba wa ubatizo lazima aungame kwanza. Jioni hii nilimngoja Don Nicanor nje ya kanisa tukanunue mishumaa. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka amevaa kofia vibaya juu ya kitambaa.

"Amekataa," akasema.

"Nani? Amekataa nini?"

"Padre Anselmo. Kuniondolea dhambi. Nilimwambia nimesema uongo mbele ya mkaguzi. Akaniuliza najuta? Nikamwambia, nikifikiria, padre, sijuti. Akasema lazima nijute, na nikijuta lazima niende kwa mkaguzi nikaseme kweli. Nikamwambia sitakwenda. Akafunga kidirisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siwezi kumshika mtoto, Foro. Mwenye dhambi yake mkononi hashiki mtoto anayebatizwa. Kanisa lina kanuni kama reli."

Nilimwambia aende akaseme kweli. Nilimaanisha. Nilimwambia nitatafuta kazi nyingine, Orizaba kuna viwanda vya nguo.

"Kazi gani nyingine unaijua wewe, zaidi ya kunichafulia anga?" Alijaribu kucheka, akashindwa, akakaa kwenye ngazi ya kanisa. "Nilimtaka sana mtoto huyu," akasema. "Tomasa kashona gauni mpaka limekuwa dogo, kashona jingine. Lakini nikienda kwa mkaguzi, mtoto atakuwa na baba wa ubatizo na hatakuwa na cha kula. Mwache Tomasa amshike peke yake. Padre anasema mmoja anatosha."

Nilikaa naye kwenye ngazi.

8 Oktoba

Doña Tomasa alimshika mtoto. Gauni lilimkaa vizuri. Hermelinda alisimama kando yake na mshumaa. Kanisa lilijaa watu wa reli, hata fundi Mwingereza ambaye si wa dini yetu. Kwenye mlango mkubwa, upande wa nje, alisimama Don Nicanor. Mvua ilikuwa inanyesha.

Padre alipoanza kusoma nikamwachia Hermelinda kila kitu, nikatoka, nikasimama naye. Alisogea kunipa nafasi. Kutoka pale hatukuona kitu, migongo ya watu tu. Tulisikia maji yakimwagwa na mtoto akipiga ukelele.

"Analia," akasema.

"Ndiyo."

"Ana kifua kizuri sasa. Mmempa jina gani?"

"Nicanora."

Akatazama migongo ya watu hadi kilio kikatulia.

"Jina baya hilo kwa msichana, kompadre," akasema, akavua kofia, akasimama hivyo hivyo kwenye mvua na kitambaa chake kichwani mpaka walipomaliza.